Ukungu Wenye Kiini

Chumba changu hakina dirisha.
Ghorofa ya chini, hospitali ya Daegu,
skrini mbili, kikombe cha chai ya shayiri iliyopoa.
Watu hunifikia bila nyuso:
wamekatwa vipande vyembamba kama figili,
nami nawapitisha kwa kidole,
toka bega hadi ini, toka ini hadi bega.

Tak Bun-rye, sitini na mmoja.
Mpishi wa shule, miaka ishirini na mitatu
akikaangia watoto samaki.
Sigara: hajapata kushika.
Nesi kaandika hivyo, tena kapigia mstari.

Kwenye ncha ya pafu la kulia, ukungu.
Si jiwe, si ngumi. Pumzi tu,
kama ile mtoto aachayo kwenye kioo cha basi siku ya theluji
kabla hajachora jina lake.
Mishipa yaonekana ndani yake, haikufichwa.
Katikati pana kiini kigumu, sentimita mbili,
na utando wa pafu umevutwa ndani
kama kitambaa kilichonaswa na sindano.
Njia ya hewa inakatiza doa, nyeusi, wazi,
kana kwamba haijapata habari.

Kisha nikateremka
nikakuta uwele umemwagwa mapafu yote mawili.
Punje. Punje. Punje.
Hapo kisu cha mpasuaji hakina kazi.

Nikanong'ona: EGFR.
Jeni iliyowasha taa ikasahau kuizima.

Seok Ju-wan, thelathini na minne, fundi wa lifti.
Kikohozi alikidhania vumbi.
Chake si ukungu: donge lililoshiba, chini kushoto,
hewa haipiti,
na mitoki ya kifuani imevimba
hadi watoto wamempita mama kwa kimo.
Maji yamejaa chini ya pafu,
maji mengine yameuzunguka moyo.
Nikaandika ALK kwa penseli,
nikafuta,
nikaandika tena.
Ana mapacha. Hilo halikuwemo kwenye picha.

Wa tatu, mzee Bang Chil-seong,
msokota nyuzi mstaafu, pakiti mbili kwa siku tangu jeshini.
Mapafu yametoboka kama chandarua cha urithi,
uvimbe umeota miiba.
Sikunong'ona. Nilitamka: KRAS,
kwa sauti ile ya mtu asemaye, si nilikwambia?

Barua za maabara zikaja baada ya siku kumi na moja.
Mpishi: EGFR.
Fundi: ALK.
Mzee: EGFR.

Nikaisoma mara tatu.
Nikarudi kwenye miiba, nikatafuta ukungu
mahali ambapo haukuwapo.
Dalili ya mvua ni mawingu, ndiyo,
lakini wingu halitaji jina la mvua,
na jeni haikusoma pakiti ya sigara.
Niliyemsoma pakiti ni mimi.

Mwezi wa tatu picha mpya ikaja.
Uwele umeokotwa.
Sijui neno bora kuliko hilo:
kana kwamba mtu aliinama usiku kucha,
akaokota punje mojamoja, akaacha tatu.
Kiini kimesinyaa. Ukungu bado upo, mwepesi.

Kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe
nikapanda ngazi kwenda kutazama nyuso.

Alhamisi, ukumbi wa vidonge.
Kwenye benchi moja, mpishi na mzee,
wote wawili usoni chunusi tele,
mashavu, pua, kidevu,
ile dawa inavyowaandika wale inaowagusa.
"Nimerudi kidato cha pili," Bun-rye alikuwa akisema,
"nasubiri tu barua ya mapenzi."
Mzee akacheka mpaka akakohoa,
akaushika mfuko wa shati, ulio mtupu.

Ju-wan hakuwapo. Zamu yake ni Jumatatu.
Nilisimama pale na koti langu jeupe,
hakuna aliyenijua,
nikashuka.